Kutoka Uungwana hadi Utu: Habari za Adili katika Fasihi ya Kale

Mwalimu yeyote afundishaye Kiswahili katika mashariki ya Uganda, iwe ni Jinja penye viwanda, iwe ni Mbale chini ya Mlima Masaba, au hapa kwetu Busiu, kando ya barabara itokayo Tororo, anajua kwamba kazi yake ina mzigo ambao mwenzake wa Tanga au wa Unguja hautambui. Mwalimu wa Tanga aingiapo darasani huanza na sarufi au fasihi. Mwalimu wa Busiu, kabla hajafika kwenye ngeli za majina, hana budi kwanza kuitetea heshima ya lugha yenyewe. Wazee wetu wengi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Ndipo likaenea neno ya kwamba hii ni lugha ya kuamrisha na kutishia, lugha ya askari na ya wezi, na kwamba mtoto aliyelelewa vyema hana haja nayo.

Shutuma hii si ya kupuuzwa, wala si ya kujibiwa kwa hasira. Yataka jibu la historia. Makala hii yakusudia kuuliza swali moja: Je, watu waliokisema na kukiandika Kiswahili tangu kale walikuwa na mawazo gani juu ya adili, yaani juu ya mwenendo mwema na tabia njema ya binadamu? Na mawazo hayo yanasimama wapi yakilinganishwa na yale ya wanafalsafa wa Uyunani, ambao dunia nzima huwataja kila panapozungumzwa habari za wema?

Asili ya shutuma

Kwanza tuitazame shutuma yenyewe. Kiswahili kiliingia katika nchi hii kwa miguu ya misafara ya pwani. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suna wa Buganda, na baada yake wakaja wengine wengi, wakileta nguo, shanga na bunduki, na kuondoka na pembe za ndovu na watumwa. Baadaye wakoloni walikichukua Kiswahili na kukifanya lugha ya majeshi na ya polisi. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alipinga, na wamisionari wengi walipinga pamoja naye. Hivyo Kiswahili kikaachwa kambini na sokoni, kisipate kuingia shuleni kwa heshima.

Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo lilitoka kwa serikali ambayo mikono yake haikuwa safi, na kwa hiyo lilikiongezea Kiswahili lawama badala ya sifa. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliyosaidia kuuangusha utawala huo nayo yalizungumza Kiswahili, na watu wakaisikia lugha ile ile kwa mtesi na kwa mkombozi. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Tukiutazama mfululizo huu, twaona kwamba Waganda wa mashariki na wa magharibi hawakukutana na Kiswahili kwenye tenzi zake. Walikutana nacho njiani, kikiwa kimebebwa na mabawabu, makuli, askari na wachuuzi. Mtu akutanaye na Kiingereza kwenye sitaha ya merikebu ya watumwa, asijue kwamba yupo Shakespeare, angesema nacho ni lugha ya washenzi. Kasoro haikuwa katika lugha. Ilikuwa katika mahali pa kukutania. Ni wajibu wetu basi kuwapeleka wanafunzi mahali pengine.

Fadhila nne na maneno matatu

Wayunani wa kale walilijadili sana suala la tabia njema. Plato, aliyefariki mwaka 347 kabla ya Kristo, alitaja katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri fadhila nne zilizo nguzo za mtu mwema na za dola njema: hekima, ushujaa, kiasi na haki. Mwanafunzi wake Aristotle (384–322 K.K.) aliliendeleza jambo hili. Alifundisha kwamba hakuna mtu azaliwaye na fadhila kama azaliwavyo na macho. Fadhila hupatikana kwa mazoea: mtu huwa shujaa kwa kutenda matendo ya kishujaa, na huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Kadhalika alisema kwamba fadhila hukaa katikati ya maovu mawili. Ushujaa uko kati ya woga na ujahili. Ukarimu uko kati ya ubahili na ubadhirifu.

Mafundisho haya hayakubaki Uyunani. Katika karne ya 9 vitabu vya Aristotle, pamoja na kile cha maadili, vilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad. Mwanafalsafa Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliandika kitabu kizima juu ya kuitakasa tabia, akazipanga fadhila zile zile nne katika mwanga wa Uislamu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye alizitaja katika maandiko yake makubwa ya dini, na vitabu vya al-Ghazali vilisomwa na wanazuoni wa pwani yetu.

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapopata ushahidi ambao ni rahisi kuuonyesha ubaoni. Kwa Kiarabu fadhila nne zaitwa hikma, shajaa, iffa na adl. Tazama jinsi Kiswahili kilivyozipokea. Hikma imekuwa hekima. Shajaa imetupa shujaa na ushujaa. Adl imetupa adili, uadilifu na maadili. Neno la iffa peke yake halikupata makao katika mazungumzo ya kila siku, na kazi yake ikagawanywa kati ya kiasi, haya na staha. Sidai kwamba watunzi wa Pate na Lamu walimsoma Aristotle. Ninalosema ni kwamba maneno wanayotumia watoto wetu darasani bila kufikiri, yaani hekima, shujaa na adili, yalitembea safari ndefu kutoka Athens hadi Baghdad, na kutoka Baghdad hadi Lamu, kabla ya kufika Mbale.

Na neno la adili lina habari nyingine ya kustaajabisha. Kwa Kiarabu maana yake hasa ni haki na usawa, kama hakimu anavyotoa hukumu bila kupendelea. Kiswahili kilikwisha kupata neno haki kwa kazi hiyo, kwa hiyo adili likapanuka na kumeza wema wote wa tabia. Tunaposema fulani ni mwadilifu, hatusemi tu kwamba hapendelei. Twasema kwamba hasemi uongo, haibi, halewi akatukana watu, na jirani yake hulala usingizi. Aristotle mwenyewe aliandika kwamba neno haki lina maana mbili, na kwamba katika maana yake pana haki ni fadhila yote kwa jumla, mtu anapoitumia kwa ajili ya wenzake. Wasemaji wa Kiswahili walifika mahali hapo hapo kwa njia yao wenyewe, bila ya kuandika kitabu, kwa matumizi tu ya neno.

Mama wa Siyu na mshairi wa Pate

Tuje sasa kwenye maandiko. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Unguja, alitunga utenzi wa kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Mama huyu alikuwa mgonjwa, na alijua kwamba siku zake si nyingi. Alichomwachia mtoto wake hakikuwa dhahabu. Alimwachia maagizo: ashike dini, awe na adabu na ulimi mzuri ili apendwe kila aingiapo, awe mkweli, na mhitaji amjiapo amtendee kwa kadiri ya uwezo wake. Sehemu kubwa yahusu mwenendo wa mke kwa mume. Wasomaji wa leo wanaubishia upande huo, na wana haki ya kubisha. Lakini tusisahau jambo kubwa lililo mbele ya macho: kabla ya kuwako shule hata moja ya kikoloni katika Uganda, mwanamke wa Kiswahili alikuwa ametunga mafundisho ya maadili, akayaelekeza kwa wanawake wenzake ili wayasome. Methali yetu yasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Utenzi huu ni methali hiyo iliyopanuliwa na kupewa vina.

Kabla yake, yapata mwanzo wa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Mji wa Pate uliokuwa na fahari na mali ulikuwa umeporomoka kwa vita na fitina. Mshairi alitazama majumba yaliyokuwa na taa na zulia, ambayo sasa yalikaliwa na popo na wadudu, na badala ya kuwasuta watu wengine akauhutubia moyo wake mwenyewe. Aliuuliza unangoja nini, na kwa nini hauzinduki. Hii ndiyo adili ya kujihoji nafsi. Socrates, aliyehukumiwa kifo huko Athens mwaka 399 K.K., alishikilia kwamba maisha yasiyochunguzwa hayamfai binadamu. Mshairi wa Pate hakumjua Socrates. Alikuwa na magofu ya kutazama, na magofu yakawa mwalimu wake.

Aidha yuko Fumo Liyongo, shujaa wa kale ambaye habari zake ziliandikwa katika utenzi na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Liyongo hakuweza kudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Maadui zake hawakumshinda kwa nguvu. Walimshinda kwa kumrubuni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa cheo na ndoa. Baba alimwambia siri yake akijua kwamba mtoto huenda ametumwa. Hivyo hadithi inayoanza kwa ushujaa wa misuli inaishia katika swali la uaminifu: mtu aweza kuwa na nguvu za kuitikisa nchi, na bado maisha yake yakawa mikononi mwa yule ampendaye. Mwanafunzi wa kidato cha pili hulielewa jambo hili mara moja, na hubishana juu yake mpaka kengele ilie.

Mpaka wa uungwana

Mpaka hapa tumesifu. Lakini mwalimu anayesifu tu hafundishi, anatangaza. Hapana budi tuseme pia palipokuwa na upungufu, tena upungufu mkubwa.

Neno la zamani la wema katika miji ya pwani lilikuwa uungwana. Mwungwana ni mtu mwenye adabu, mwenye maneno laini, mwenye kujistahi. Lakini maana ya kwanza ya mwungwana ni mtu huru, asiyekuwa mtumwa. Tabia njema ilipewa jina la tabaka. Kwa maana hiyo mtumwa, hata angekuwa mkweli na mpole kuliko bwana wake, hakuweza kuitwa kwa jina hilo la wema. Katika utenzi wa Mwana Kupona, mama yule yule aliyemwusia binti yake amtazame mhitaji alimwonya pia asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, kwa kuwa wangempotosha. Huruma yake ilikuwa ya kweli, na ilikuwa na ukuta.

Asije mtu akadhani kwamba ukuta huu ulikuwa wa Waswahili peke yao. Aristotle, yule yule aliyechambua ushujaa na ukarimu kwa ustadi mkubwa, aliandika katika kitabu chake cha siasa kwamba wako watu ambao ni watumwa kwa maumbile yao, na kwamba kutawaliwa ndiko kunakowafaa. Athens ilikuwa na wanafalsafa na ilikuwa na watumwa. Siyu ilikuwa na washairi na ilikuwa na watumwa. Mwalimu asiwafiche wanafunzi jambo hili, kwa sababu somo kubwa la historia ya adili limo humo: mtu aweza kuijua fadhila kwa undani, akaifundisha kwa moyo safi, na bado asione ni nani aliyeachwa nje ya mlango.

Hata hivyo maneno hayakai mahali pamoja. Katika misafara ya bara ya karne ya 19 neno waungwana lilianza kutumiwa kwa watu wote wa pwani waliosafiri nayo, wapagazi na askari, na wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Kule mashariki ya Kongo lugha yenyewe iliitwa Kingwana. Wale waliofungiwa nje walilichukua jina la mabwana zao na kulivaa wao. Kisha sheria zikafuata. Hali ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Tangu hapo uungwana haukuweza tena kuwa suala la kuzaliwa. Ulibaki kuwa suala la mwenendo. Neno ustaarabu nalo lilishika nafasi kubwa, lakini lilikuwa na mpaka wake, maana asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Palihitajika neno lisilodai ukoo wala kabila. Neno hilo lilikuwapo tangu mwanzo katika uti wa mgongo wa lugha: utu.

Shaaban Robert avunja mpaka

Aliyelipa neno utu fasihi yake ni Shaaban Robert (1909–1962). Hakuwa sharifu wala mtoto wa mtawala. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni katika Tanganyika, mzaliwa wa sehemu za Tanga. Katika Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, mshitakiwa Karama anasimama mbele ya mfalme na baraza, akishitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Karama hakimbii wala hatukani. Anajitetea kwa hoja siku baada ya siku, akisimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, wakarudi na kulipwa kifungo. Wasomaji wengi wameona hapo mfano wa ukoloni. Mwalimu wa falsafa ataona pia mfano wa Socrates mbele ya mahakama ya Athens, kwa tofauti moja: Socrates alikunywa sumu, bali Karama aliachiliwa huru. Shaaban Robert aliamini kwamba watawala waweza kusikia.

Katika Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952, alichukua hadithi ya Alfu Lela Ulela na kuitia roho ya Kiswahili. Adili, mtu mwema, ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtenda uovu kwa sababu ya wivu hata wakageuzwa nyani. Kila usiku Adili amelazimishwa kuwachapa, naye akiisha kuwachapa huwalisha na kulia. Wako wahakiki waliolalamika kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni majina yanayotembea, wema kupindukia au waovu kupindukia, na kwamba watu wa kweli hawako hivyo. Lalamiko hilo lina haki yake. Lakini mtu anayeshika mjeledi huku akilia si jina tu. Ni mzazi, ni mwalimu, ni hakimu, ni yeyote aliyewahi kutoa adhabu kwa mtu ampendaye. Na mwisho wa hadithi haupatikani kwa kisasi. Unapatikana kwa msamaha.

Katika Utubora Mkulima, ambacho jina la mhusika mkuu latokana na utu bora, shujaa huacha kazi ya kalamu mjini akaenda kijijini Busutamu kulima kwa mikono yake. Pia aliandika wasifu wa Siti binti Saad wa Unguja, mwimbaji aliyezaliwa katika umaskini huko Fumba, aliyeuza vyungu njiani, na ambaye mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Siti alifariki mwaka 1950. Chini ya sheria ya uungwana wa kale mwanamke wa asili yake asingaliandikiwa kitabu cha sifa. Shaaban Robert alimwandikia, tena akamweka mbele ya vijana kama kielelezo cha bidii na subira. Kwa kitendo hicho kimoja, ukuta uliokuwa katika utenzi wa mama wa Siyu ulivunjwa ndani ya fasihi ile ile, kwa lugha ile ile, baada ya miaka mia moja hivi.

Lirima ya Wagisu

Sasa turudi nyumbani. Mwanafunzi wa Busiu asidhani kwamba adili ni mali ya pwani na Uyunani, naye ni mpokeaji tu. Katika nchi ya Masaba liko neno ambalo lingemfurahisha Aristotle. Neno hilo ni lirima. Mtafiti Suzette Heald, aliyeishi miongoni mwa Wagisu katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1989, alilieleza kama nguvu ya hasira na hamasa inayochemka ndani ya mtu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, jando la imbalu hufunguliwa Mutoto, karibu na Mbale, na vijana huanza kucheza wakizuru jamaa zao. Siku ikifika kijana husimama wima mbele ya ngariba, mbele ya watu wote, asipepese macho wala kutikisika. Hakuna anayemshika. Nguvu ya kusimama huko ni lirima, na ni lazima aiamshe yeye mwenyewe, kwa hiari yake.

Lakini wazee wanajua upande wa pili. Lirima ile ile ikikosa hatamu huvunja nyumba, humpiga mke, huua jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Ndiyo maana baada ya kutahiriwa ngariba huja kumwosha kijana mikono na kumpa mausia ya utu uzima: alime, ajenge, aishi na watu. Mwanamume kamili hapimwi kwa kukosa hasira, na wala hapimwi kwa wingi wa hasira. Hupimwa kwa kuiamrisha ije inapohitajika na kuifukuza isipohitajika.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maadili yake, aliandika kwamba watu huichanganya hasira na ushujaa, kwa kuwa mwenye hasira naye hukimbilia hatari kama mnyama aliyejeruhiwa. Akasema kwamba hasira peke yake si ushujaa. Lakini hasira ikiongezewa uamuzi na lengo jema, yaelekea kuwa ushujaa wenyewe. Mzee wa Bungokho anayemwusia kijana wake baada ya imbalu anasema neno hilo hilo. Mmoja alilisema katika shule yenye bustani, mwingine hulisema chini ya migomba, na wala hakuna aliyeazima kwa mwenzake.

Darasani

Yafuatayo basi ndiyo niwapendekezeayo walimu wenzangu. La kwanza, tusifundishe neno adili kama msamiati wa mtihani. Tuliandike ubaoni pamoja na hekima na shujaa, tuonyeshe njia yaliyopita, na mwanafunzi aone kwamba lugha aliyoambiwa ni ya vizuizi vya barabarani ilikwisha kubeba mazungumzo ya wanafalsafa. La pili, tusome utenzi wa Mwana Kupona mzima, pamoja na beti zinazotutia haya, kisha tumsome Shaaban Robert baada yake, ili wanafunzi waone jinsi wazo linavyokua na jinsi jamii inavyojisahihisha. Kuficha kasoro za wazee si heshima. La tatu, tuwaombe wanafunzi walete neno moja la wema kutoka lugha ya nyumbani, iwe ni Kigisu, Kiteso, Kipadhola, Kinyole au Kisoga, walieleze kwa Kiswahili mbele ya wenzao. Waganda wana obuntubulamu, neno linalokaribiana sana na utu. Mtoto anayeeleza lirima kwa Kiswahili sanifu hakitukani Kigisu. Anakipa wasikilizaji wapya kutoka Kigoma hadi Mombasa.

Wako watakaouliza kama fasihi yaweza kumfanya mtu kuwa mwema. Jibu ni kwamba haiwezi peke yake. Wengi waliokariri tenzi walikuwa na mioyo migumu, na wengi wasiojua kusoma walikuwa na utu uliojaa. Aristotle mwenyewe alionya kwamba wanaodhani watakuwa wema kwa kujadili wema tu ni kama mgonjwa amsikilizaye tabibu kwa makini, kisha asifuate agizo hata moja. Tabia ni mazoea, na samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini mazoea yahitaji majina. Kijana asiyejua jina la kiasi atakitambuaje kinapomkosa? Kazi ya mwalimu wa lugha ni kumpa majina hayo, na kumwonyesha watu waliojitahidi kuyaishi, pamoja na mahali waliposhindwa.

Ndugu walimu, ngeli ya kwanza tuifundishayo ni ile ya mtu na watu. Kila mwanafunzi huishika katika juma la kwanza. Ni juu yetu kuona kwamba hamalizi shule kabla ya kufikishwa kwenye neno la tatu litokanalo na shina lile lile, ambalo halina wingi, na ambalo haliulizi mtu kabila lake wala ukoo wake.